Kapteni wa Nchi Kavu na Lango la Mama Espe

Nilistaafu mwezi uliopita, na tayari simu zimeanza. Furaha wa zamu ya asubuhi pale makumbusho anauliza kioo cha Kapteni kinafutwa na nini. Abdirahman anauliza mbona kila mwezi wa nane wageni wanakuja kulitafuta lango, na lango lenyewe halionekani. Wanangu, nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Hebu kaeni niwasimulie mara moja, kisha mniache nilale mpaka jua lichoke kunisubiri. Habari za mishahara na vyeo siandiki. Mshahara mnaujua, na cheo sikupewa.

Kioo kinafutwa na siki iliyochanganywa na maji, kwa kitambaa cha pamba. Wageni hawaachi alama za vidole peke yake, wanaacha za pua pia, na pua ya mtu mzima ina mafuta kuliko ya mtoto. Hiyo ni elimu ya miaka yote hiyo, na nimewapa bure.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikuwa nimetoka Mombasa zamani kumfuata mume wangu, Mungu amrehemu, tukakaa Handsworth, mtaa wa Birmingham, na kwa miaka mingi nilikunja mashuka kwa dobi mmoja mpaka mgongo ukakataa. Aliyenipokea pale jumba la makumbusho ni Desmond, Mjamaika, mkuu wa wahudumu wa kumbi, mwanamume mrefu aliyevaa tai hata siku za joto. Nilidhani atanitembeza anionyeshe vitu vya thamani. Akanitazama miguu. "Kwa viatu hivyo," akasema, "ikifika mchana utakuwa unawachukia wageni." Akanituma Soho Road nikanunue vingine, ndipo nikaanza kazi.

Desmond ndiye aliyenifundisha kwamba mgeni huangaliwa mikono, kwa sababu uso haujawahi kuvunja kitu. Alinifundisha kwamba mtoto akinyamaza ghafla ufuate ule ukimya haraka. Alinifundisha pia kuzungumza kwenye redio ya mkononi kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, hata kama kuna moto. Kitabu cha mafunzo tulichopewa na ofisi kilikuwa na kurasa nyingi na picha za watu wakitabasamu, na sikumbuki neno lake hata moja.

Ukumbi niliopewa ulikuwa wa Kapteni. Jina lake kamili ni refu na lina kistari katikati, sisi hatukuwahi kulimaliza. Alizaliwa hapa hapa Birmingham, mtoto wa tajiri wa kiwanda cha vifungo, katika mji ambao ukitaka kuiona bahari lazima ubebe chakula cha njiani. Hata hivyo akawa ofisa wa jeshi la majini la Malkia Victoria. Wahindi walipoasi utawala wa Waingereza, meli yake ikatia nanga Kalkata. Akateremsha mabaharia na mizinga ya meli, akaenda nao bara mbali, mpaka wakaufikia mji wa waasi na kuubomoa ukuta wake. Sifa zake zote za baharini alizipata nchi kavu. Sanamu yake ya nta ilisimama katikati ya ukumbi ndani ya kabati la kioo, darubini jichoni, ikitazama mlango wa choo cha wanaume.

Mzinga wenyewe ulikuwa pembeni. Maandishi yake yalisema mabaharia waliukokota kwa mikono yao kwa kumpenda Malkia. Juu ya maandishi walitundika mchoro wa zamani, na katika mchoro mzinga unakokotwa na ng'ombe, ng'ombe chungu nzima, wakiswagwa na Wahindi. Mabaharia wanatembea kando wakivuta kiko. Mzee Gurmit, fundi saa aliyestaafu, alikuja kila Alhamisi kukimbia kazi za nyumbani. Alisoma maandishi, akatazama mchoro, akaniuliza, "Dada, hao ng'ombe nao walikuwa wanamaji?" Nikamwambia aulize kwenye karatasi za maoni. Aliuliza kila Alhamisi, na majibu bado yako njiani.

Baada ya miaka kama miwili akaja Espérance. Sisi tulimwita Mama Espe. Mkongomani wa Bukavu, mwimbaji wa kwaya ya kanisa lao huko Northfield, mfupi, mnene kiasi, hacheki ovyo. Lakini akicheka, ukumbi mzima unageuka. Kiswahili chake na changu vilianza kwa kununiana. Mimi nikisema watoto yeye anasema batoto, mimi nikisema fungua yeye anasema fungula, mimi nikisema pesa yeye anasema makuta, mimi nikisema ndiyo yeye anasema njo, na kila mmoja akimwonea mwenzake huruma. Chai ndiyo iliyotupatanisha. Akawa ananiita yaya, yaani dada mkubwa, na mimi nikaitika.

Mapema tu aliniambia jambo lake, nami nawaambia kwa sababu ndilo roho ya habari yote hii. Alikuwa na binti mmoja, Neema. Walipokimbia vita walitengana njiani, na mtoto akaishia Kampala kwa shangazi yake. Tangu Neema akiwa na miaka saba walikutana kwenye simu tu, yaani sauti. Ili aruhusiwe kumleta, Mama Espe alitakiwa aonyeshe kwamba ana kazi ya kueleweka na mahali pa kumlaza mtoto. "Yaya," aliniambia, "hii kazi njo mutoto wangu. Bakinifukuza hapa, bamemufukuza na Neema." Alilisema hilo huku anafuta kioo, na hakuacha kufuta.

Sasa, kamati ya wafadhili waliokuwa wakitulipa ikaanza kunong'ona. Ukumbi wa Kapteni hauna wageni. Ufungwe, ufanywe mkahawa. Na wote tulijua desturi ya mambo hayo: wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka, na wa mwisho alikuwa Mama Espe. Mkurugenzi wetu, Bi Caroline, mwanamke mwembamba mwenye mitandio mingi, akaitisha mkutano. Yeye mwenyewe hakuwa mbaya. Alikuwa mtu wa mawazo, na mtu wa mawazo ni hatari kuliko mbaya. Akatutangazia Siku ya Kapteni. Mwezi wa nane, kwenye bustani nyuma ya jumba, tutaigiza Kapteni akiiteka ngome. Kamati nzima itakuja kutazama. Siku ikifana, ukumbi unabaki.

Mabaharia walipatikana upesi, wanafunzi wa chuo kutoka Selly Oak, waliokubali kwa ahadi ya piza, wakapewa bunduki za mbao. Kapteni akawa Nigel wa uhasibu, kwa kuwa koti la kijeshi lilimtosha. Waasi ndio waliotusumbua. Bi Caroline akapita Soho Road duka kwa duka akiwaalika Wahindi waje washindwe. Mzee Gurmit akamjibu kwa adabu kwamba babu zake Masingasinga katika vita ile walikuwa upande wa Waingereza, kwa hiyo yeye yuko tayari kuwa baharia. Wenye duka la vitambaa wakasema wao wako tayari kuwa waasi, ila washinde. Bi Caroline akasema historia haibadilishwi. Wakamuuza mtandio mwingine, akarudi.

Basi India ikaachwa itetewe na sisi. Desmond kwa niaba ya Kingston, mimi Mombasa, Mama Espe Bukavu, na watoto wa klabu ya Jumamosi ya pale makumbusho, Wakongomani, Wasomali na Wajamaika wadogo waliofungwa vilemba vya mashuka. Mashuka nilikunja mimi, ujuzi hauozi.

Ngome ilijengwa kwa mbao nyepesi zilizopakwa rangi ya mawe. Ilikuwa na ukuta wa mbele, minara miwili, na lango kubwa lenye komeo la mti kwa ndani. Ukuta wa nyuma haukuwepo. Nilimuuliza seremala, akasema pesa ziliisha kwenye minara. Kwa hiyo mtu akitaka kuiteka ngome yetu angeweza kuzunguka tu, akajikaribishe. Mpango ulikuwa mwepesi: mzinga unalia mara moja, Kapteni anapuliza filimbi, Mama Espe anafungua lango, mabaharia wanaingia, tunainua mikono, halafu keki. Tulifanya mazoezi mara kadhaa, Nigel akiupiga mzinga kwa kusema "Bum." Mama Espe alifungua kila mara bila taabu, na mara moja alicheka.

Siku yenyewe watu walijaa. Kamati walikaa mbele chini ya mwavuli. Akaja pia mtaalamu wa kukodi wa kulipua baruti tupu isiyo na risasi, kijana mwenye ndevu, akatuambia italia kidogo tu. Wallahi, yule kijana na neno kidogo hawajawahi kukutana. Mlio ulinipiga kifuani. Kunguru wote wa Handsworth walihama. Moshi mweupe ukapita juu ya ukuta, na ndani ya ule moshi nikasikia filimbi, na mabaharia wa Selly Oak wakipiga kelele wanakuja mbio.

Mama Espe hakufungua. Nilimwona akilitazama komeo, akalisukuma mpaka mwisho, akaliegemea kwa mgongo. "Laleni!" akawaambia watoto. Sauti haikuwa kubwa. "Laleni chini. Musilie." Watoto wakalala, hata wale wa Kijamaika ambao hawajui neno la Kiswahili. Mmoja wa Kisomali akainua kichwa akaniuliza kwa Kiingereza cha hapa kama mchezo bado unaendelea. Nikamrudisha kichwa chini.

"Espérance," Nigel akabisha hodi kwa ncha ya upanga. "Fungua basi, mama. Keki."

Akanigeukia mimi, macho makavu kabisa. "Yaya, mwambiye hakuna baume humu. Mwambiye hakuna makuta, hakuna kitu. Iko batoto tu. Aende."

Nilijua maneno yale hakuyatunga pale. Yalikwisha kusemwa nyuma ya mlango mwingine, kwa watu wasiokuja na keki. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami nimelitumia neno hilo maisha yangu yote kuwacheka watu waoga. Siku ile nililiona, na sikucheka. Nikaupigia ukuta kelele: "Nigel! Weka huo upanga chini! Na hao wanao wakae kitako, wote, bunduki chini!"

Nigel, Mungu ambariki, ni mhasibu, na mhasibu akiambiwa kitu haulizi maana. Akauweka upanga kwenye majani, akavua kofia, akakaa. Mabaharia wote wakakaa. Watu mia kadhaa wakabaki wanalitazama lango lililofungwa. Desmond akawa na akili kuliko sisi. Akazunguka nyuma, pale pasipo na ukuta, akawaita wazazi kwa sauti yake ya kuagiza chai. Wakaja kimya kimya, kila mmoja akachukua wake. Mama Espe aliwahesabu kwa macho wakitoka. Alipoondoka wa mwisho ndipo akaliacha komeo, akakaa juu ya kreti. "Nimeharibu," akasema. "Neema hatakuya tena." Nilimkumbatia.

Bi Caroline akaja kwa hatua fupi fupi, uso mwekundu. Nilijua alichokuja kusema. Kabla hajafungua kinywa akatokea nyuma yake mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye kofia ya ukindu, machozi yanamtoka. "Ajabu!" akasema. "Ngome isiyofunguka! Mwanamke mmoja mbele ya jeshi zima! Nani aliliwaza hili?"

Bi Caroline akageuka kama chapati juu ya jiko. "Tulilifikiria kwa muda mrefu," akasema.

Hivyo ndivyo ukumbi wenu ulivyopona, wanangu. Kamati ikalipa, mkahawa ukajengwa kwingine. Mama Espe akaongezewa mkataba, na katika kazi zake wakaongeza moja: kukataa kufungua lango kila Siku ya Kapteni. Nilimfuata Bi Caroline ofisini nikamwambia yule mama hakuwa akiigiza. Akanishika mkono kwa upole. "Ndiyo maana ilikuwa nzuri sana, Zuhura," akasema. Nilitoka mle nikiwa na hasira ya kung'oa mlango. Desmond yeye alisema hataingia ngomeni tena, na hakuingia, mpaka alipostaafu.

Nilimpelekea Mama Espe habari nikidhani atatema mate. Alikuwa akila wali wake wa mchana.

"Banataka nifunge?" akauliza.

"Wanataka."

"Na kazi?"

"Kazi ipo."

Akatafuna, akameza. "Basi nitafunga. Yaya, nimeshafunga milango bure. Hii banalipa."

Akafunga miaka miwili mfululizo. Mazoezini Bi Caroline alimwambia mwaka wa kwanza kulikuwa na kitu fulani machoni, jaribu kukitafuta. Dukani wakauza kadi zenye picha ya lango. Wanafunzi wa chuo wakaja kuandika insha, na mmoja akaniuliza kama komeo linawakilisha bara zima la Afrika. Nikamwambia linawakilisha seremala. Nigel kila mwaka alimletea Mama Espe maua, na kila mwaka aliomba mzinga usogezwe mbali zaidi, lakini yule wa ndevu alisema ukisogezwa hautasikika. Nilimuuliza Mama Espe anafanyaje, anasimamaje pale kila mwaka bila kupasuka. Akasema mzinga ukilia anawaza karatasi za viza: iko wapi cheti ya kuzaliwa, iko wapi picha mbili. Kufika mwisho wa karatasi, wazazi wameshachukua watoto.

Neema alikuja majira ya kuchipua, mwaka uliofuata. Nilikwenda naye Mama Espe uwanja wa ndege, nimebeba koti. Mlangoni akatokea msichana wa miaka kumi na mitatu, mrefu kuliko mama yake, akasimama akitutazama sisi wawili. Hakujua yupi. Mama Espe alisema jina lake mara moja tu. Yaliyofuata siwaandikii, kwa sababu nililia kama mtu wa matanga na sikuona vizuri.

Mwezi wa nane ukafika. Mama Espe alitaka kuacha lango, lakini watu wa televisheni walikuwa wanakuja, na Bi Caroline alimwomba mno. "Ya mwisho," Mama Espe akasema, na kweli lile lango halikusimamishwa tena baada ya siku ile. Akamketisha Neema mbele kwenye majani pamoja na wamama wa kwaya, akamwambia ni muchezo ya bazungu, itapiga kelele kidogo, usiogope. Neema akaitikia kwa kichwa, kama watoto wanavyoitikia ili mkubwa aridhike.

Nilikuwa ndani ya ngome pamoja na watoto wa klabu. Nje kamera zimepangwa, kamati chini ya mwavuli, na watu wamekuja hata kutoka London kumwona mwanamke asiyefungua. Mzinga ukalia. Moshi. Filimbi. Mabaharia wakaja, wakasimama mbele ya lango pale pale walipozoea kusimama, wakingoja kukataliwa. Mama Espe alikuwa amelisukuma komeo. Kati ya mbao mbili pana ufa, na kwenye ufa ule alikuwa akichungulia.

Nikachungulia na mimi. Watu wote walikuwa wakipiga makofi. Katikati yao Neema amelala kifudifudi kwenye majani, mikono juu ya kichwa, hatikisiki. Wamama wa kwaya walikuwa wameinama juu yake.

Mama Espe aliling'oa komeo akalitupa. Akalifungua lango, mabawa yote mawili mpaka mwisho, akatoka na kilemba chake cha shuka, akaenda moja kwa moja kwenye bunduki. "Pardon," akasema. "Pardon, pardon." Mabaharia wakampisha. Hakutazama kamera wala kamati. Akapiga magoti kwenye majani, akamlalia mwanawe mgongoni, akamwambia kitu sikioni, muda mrefu. Kisha akamwinua, akampangusa magoti, na wakaondoka wameshikana mikono kuelekea barabarani kwenye basi. Watoto wa klabu, walioona lango liko wazi, wakatoka wote mbio kuwafuata, wakidhani ndiyo sehemu mpya ya mchezo.

Bi Caroline alisimama mdomo wazi. Mwenyekiti alikuwa akitafuta leso. Nigel alibaki mbele ya lango, upanga mkononi, askari wake nyuma yake, akinitazama mimi peke yangu ndani ya ngome isiyo na mtu wala ukuta wa nyuma.

"Zuhura," akasema kwa sauti ndogo, "sasa nifanye nini?"

"Ingia, Nigel," nikamwambia. "Si ndicho ulichokuja kutafuta miaka yote hii? Ingia."